Gitaa Lenye Tumbo

4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba wewe na Mama mnaendelea vizuri huko nyumbani. Mimi sijambo, ila mwenye nyumba wangu amepaka kuta za ujia rangi ya kijani bila kumwambia mtu, kwa hiyo mashati yangu yote mazuri sasa yana bega la kijani. Tarumbeta, mkubwa wetu wa bendi, anakusalimu. Bado anapuliza mpaka macho yanamtoka, na bado akiitaja bendi anasema "yangu", hasemi "yetu".

Najua nimekaa kimya muda mrefu. Mambo ni mengi, dada, usinihesabie.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Redio imetuita. Mwezi wa sita tunaingia studio kurekodi nyimbo zile za zamani, na Tarumbeta anataka gitaa la pili lisikike vilevile kama ulipokuwa ukilipiga wewe. Lile nililokuwa naazima, mwenyewe amelichukua. Tangu mwizi atuingilie na kubeba la kwako, sijawahi kuwa na langu. Sasa kuna duka la vitu vilivyotumika nyuma ya posta, nimeona mawili ya bei ya watu kama sisi. La kwanza ni jekundu, ubao mzima, linang'aa, na ndilo rahisi zaidi. La pili ni la kahawia, limechakaa, nene kidogo, lina matundu mawili marefu kifuani. Muuzaji anasema katikati lina gogo na pembeni ni tupu. Moyo wangu uko kwenye jekundu, lakini mwenye sikio ni wewe. Nishauri.

Mdogo wako.


21 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama yupo. Tangu kile kiharusi, upande wa kulia haujarudi, na ulimi unamwacha njiani katikati ya sentensi, lakini akili iko palepale. Namgeuza asubuhi, namgeuza mchana, namgeuza jioni. Cherehani nimeihamishia chumbani kwake ili nishone huku namwangalia. Hizo ndizo habari za nyumbani, na ukikaa kimya mwaka mwingine ukaja kuuliza tena, zitakuwa hizo hizo.

Jumapili redioni walipiga ule wimbo wetu wa harusi. Mama akanyoosha kidole cha mkono mzima, akasema, "Mkono wa mwanangu wa kiume huo." Nilikuwa nimeshika pindo la sketi ya mteja. Nikaendelea kushona.

Unajua kwa nini anaamini hivyo. Alisema binti yake akipanda jukwaani asikanyage tena kwake, ndipo tukapanga kumwambia mpiga gitaa ni wewe na mimi nashona sare za bendi. Na sare nilizishona kweli, kola na vifungo, baada ya kupiga gitaa. Mwaka jana nikachoka, nikamwambia ukweli wote. Alicheka kwa ule upande mmoja wa mdomo, akaniambia niache kumwonea wivu mwenzangu.

Haya, gitaa. Achana na jekundu, nunua la kahawia. Sababu ninayo, tosheka kujua kwamba dada yako amezoea lenye tumbo. Kabla hujalipa, lielekeze usoni kama rula unayoikagua kama imepinda: jicho kwenye kichwa chake, utazame shingo yote mpaka kwenye daraja, pale nyuzi zinapokalia tumboni. Bonyeza kila uzi kwenye kila chuma cha shingo, usikilize kama kuna mahali unagonga. Kisha ligonge tumbo kwa kidole. Likijibu kama chungu chenye ufa, ujue mbao imeachana na gundi, ondoka zako. Mikwaruzo isikutishe, hiyo ndiyo inayoshusha bei. Na ulilipe wewe mwenyewe. Usichukue hata senti kwa Tarumbeta, maana akichangia skrubu moja atasema gitaa lote ni lake.

Huyo mwizi wetu namfikiria sana. Aliacha redio, akaacha pasi, akaacha viatu vyako vipya vya ngozi, akachukua gitaa peke yake. Mwizi mpenda muziki.

Dada yako.


16 Machi

Dada,

Shikamoo, na shikamoo ya Mama umpe. Mwambie nitakuja kumwona mambo yakitulia.

Nimelinunua. Shingo imenyooka, tumbo lilijibu vizuri, na muuzaji alipunguza bei nilipomwonyesha palipochubuka, ingawa alinitazama kama nimemtukania ukoo. Nyumbani nikaliunganisha kwenye spika, likaanza kukwaruza kila nikizungusha kitufe cha sauti, na waya ukiguswa kidogo tu linanyamaza. Nikasema hilo dogo. Nikalegeza nati zote za mbele nisafishe ndani. Dada, vitu vyote vikadondoka tumboni. Vitufe, tundu la waya, nyaya zake, vyote vimelala humo ndani na mimi navichungulia kwa tochi. Mkono hauingii. Nimejaribu koleo, nimejaribu kijiko. Jirani ananishauri nilikate mgongo.

Kuhusu mwizi, wezi wa siku hizi huwezi kuwaelewa. Nisaidie haraka.

Mdogo wako mwenye gitaa linalocheza kayamba.


30 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Shikamoo yako nimempa Mama. Aliuliza utakuja lini, nikamwambia mambo yakitulia. Akasema kijana wake anafanya kazi sana. Nikamfuta mdomo.

Mwambie jirani yako akakate mgongo wa meza yake. Hilo gitaa halina mlango nyuma kama lile jekundu ulilolitaka. Kila kitu kinaingia na kutoka kwa yale matundu mawili ya kifuani, na mtu mwenye akili hufunga uzi kabla ya kulegeza nati. Wewe umeshalegeza. Sasa fanya hivi. Tafuta uzi mgumu, ule wa kushonea jinzi, nyuzi nne ndefu. Pitisha kila uzi kutoka nje kupitia kitundu cha kila kitufe, uuvute utokezee kwenye tundu refu. Linamishe gitaa mpaka vitu vijikusanye hapo mlangoni, uvivute nje kwa waya uliopindwa ncha. Safisha vumbi, kaza tundu la waya. Kisha funga kila uzi kwenye shingo ya kitufe chake, virudishe tumboni, uvute nyuzi polepole. Kila kimoja kitapanda chenyewe mpaka kwenye kitundu chake. Usivute kwa nguvu. Ukivuta kwa nguvu fundo litafunguka, utaanza upya, na kwa jinsi ninavyokujua utaanza upya mara kadhaa.

Ukimaliza, lifute kwa kitambaa kikavu. Usiliegemeze ukutani, lisije likapakwa kijani.

Dada yako.


25 Aprili

Dada yangu fundi,

Shikamoo. Mambo ya nyuzi yamekubali. Nilianza upya mara kadhaa kama ulivyotabiri, nikalipindua na kulitikisa mpaka aliye chumba cha chini akagonga dari kwa fagio, lakini sasa kila kitu kimekaa mahali pake na sauti inatoka safi, nene, kama mtu anayeimba akiwa ameshiba. Nimelipenda. Nalifuta kila nikimaliza kulipiga. Nimesugua vyuma vya shingo mpaka vinameta. Nati ya daraja iliyolegea nimekaza. Hakuna hata sehemu moja ambayo mkono wangu haujagusa.

Ila kuna jambo. Jana kwenye mazoezi tulipiga wimbo wa harusi. Nilipiga kila noti kama ulivyokuwa unapiga, naapa, nimeisikiliza ile rekodi mpaka mkanda umeanza kulia. Tarumbeta akashusha chombo chake, akasema, "Sauti ya dada yako haimo." Wengine wakatazama viatu vyao. Kile kitu kilichokuwa kinametameta juu, kinachomfanya mtu ainuke kitini, kwangu hakipo. Ni gitaa, ni vidole, au ni spika? Ulifanyaje?

Mdogo wako.


22 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika mapema, sikuijibu mapema. Mama alipata kidonda kiunoni, nikawa namgeuza mara nyingi zaidi na kufua shuka kila siku. Sasa kinakauka, sijui kama ungependa kujua.

Umeuliza nilifanyaje. Nikujibu kuhusu matunzo. Usiliache gitaa juani, usiliache kwenye unyevu, mbao ya tumbo ni nyembamba na inavimba haraka. Shingo ikianza kukunja mgongo, kuna chuma ndani yake, kigeuze robo mzunguko tu, usubiri hadi kesho yake, ndipo utazame tena. Ukipandisha sauti likaanza kunguruma lenyewe, ujue umesimama karibu mno na spika, tumbo linasikia kelele zake na kuzirudisha. Geuka ubavu, usogee. Nyuzi zikichoka, nunua pakiti mpya, uzifunge kwa mpangilio uleule wa kwenye pakiti.

Hayo ndiyo yote ambayo duka linaweza kukuuzia. Mimi na wewe tulikaa bega kwa bega jukwaani miaka mingi, wewe ukipiga makofi na kuitikia. Kama hukuona nilichokuwa nafanya, ni kwa sababu ulikuwa unawatazama wasichana wa meza za mbele.

Dada yako.


30 Mei

Dada,

Shikamoo. Naomba tuache kejeli. Nimefunga nyuzi mpya kama ulivyosema. Sauti ni ileile. Jana Tarumbeta alinipigia kelele mbele ya bendi nzima, akasema nimenunua sanduku la kahawia. Studio ni baada ya wiki tatu. Nikikosa hii nimekwisha, atamweka mtu mwingine kwenye kiti na mimi nitarudi kupiga makofi, na huenda hata makofi asinipe. Nisipokuwa kwenye bendi mimi ni nani mjini hapa? Mimi ni ndugu yako, si mtu baki. Nieleze ulichokuwa unafanya. Nakuomba kwa heshima zote.


5 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na safari hii nakujibu kwa urefu.

Dereva wa bendi alipita hapa mwaka juzi akileta mashine yangu ya kufuma. Alikunywa chai, akamsalimia Mama, halafu akaniuliza kwa nini niliamua kuuza gitaa. Nikamuuliza gitaa gani. Maskini alitaka kumeza kikombe. Yeye ndiye aliyelipeleka kwa mnunuzi, limefungwa kwenye blanketi langu mwenyewe, na wewe umekaa mbele ukimwelekeza njia. Hiyo ilikuwa wiki ileile niliyoondoka kuja kumuuguza Mama, kwa sababu wewe ulisema huwezi kuacha kazi. Viatu vyako vipya vya ngozi ambavyo mwizi aliviacha, nadhani ndivyo alivyovinunua.

Sikukuandikia. Nilisema siku moja utanihitaji, na nikakaa nikisubiri. Nimeshona sketi nyingi nikisubiri. Hasira yangu haikupoa hata kidogo, niliifunika tu.

Tarumbeta ameniandikia. Nimemjibu kwamba nitakuja studio kwa sharti moja, naye amekubali kabla hata hajaisoma barua mpaka mwisho. Sharti lenyewe ni wewe. Utapanda basi uje nyumbani ukae na Mama, si kumtembelea, kukaa. Na lile gitaa la kahawia utaliacha juu ya kiti changu, limefutwa, pamoja na waya wake. Uliuza langu, umeninunulia lingine na kulitengeneza kwa mikono yako mwenyewe. Shukrani.

Ukikataa, baki hapo na sanduku lako la kahawia, uone Tarumbeta atakupa nini.

Dada yako.


24 Juni

Mdogo wangu,

Siulizi kama umefika salama. Jirani wa hapo nyumbani amenitumia salamu kwamba ulishuka na begi kubwa na sura ya mtu aliyepotelewa na pochi.

Tumerekodi. Nililikuta gitaa juu ya kiti, na nakiri ulilitunza. Fundi mitambo wa studio aliuliza nani amelifanyia kazi nzuri hivyo, nikamwambia kijana mmoja aliyeacha muziki.

Sasa naweza kukuambia. Ulitoa uzi wa nne ukaweka mwingine mnene kama pakiti inavyotaka. Mimi nautupa. Mahali pake nafunga mwembamba kabisa, ndugu wa uzi wa kwanza, naukaza mpaka utoe noti ileile ya nne lakini ya ngazi ya juu. Hicho ndicho kile kitu kinachometameta. Nilikuja studio na begi la nguo na uzi mmoja kwenye bahasha. Nilipoufunga na kupiga mara ya kwanza, Tarumbeta aligeukia ukuta na kupenga kamasi. Nilifurahi kama ambavyo sijawahi kufurahi miaka mitatu hii, na sehemu kubwa ya furaha ilikuwa kujua uliko.

Sasa matunzo. Mgeuze asubuhi, mchana na jioni, na usimvute, mwinue. Ukivuta ngozi itachubuka utaanza upya. Mfute kwa kitambaa laini, mkaushe kwenye mikunjo. Usimwache juani, usimwache kwenye unyevu. Uji uwe vuguvugu, kijiko upande wa kushoto wa mdomo.

Jumapili ya tarehe saba mwezi ujao, saa kumi jioni, redio itatupiga. Baada ya nyimbo, mtangazaji atataja wapigaji mmoja mmoja na chombo chake, na amenikubalia kumsalimia Mama kutoka kwa binti yake mpiga gitaa. Mwekee mito miwili. Redio iwe karibu na kichwa chake.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nivumilie yote. Gitaa ni lako au ni langu, hilo tutagombania mpaka uzeeni. Mama kujua, hilo silitanii.

Dada yako.


12 Julai

Dada,

Shikamoo.

Nimemgeuza leo mara tatu. Sikujua alivyo mzito, wala sikujua alivyo mwepesi. Mgongo unaniuma mahali ambapo sikujua nina mgongo. Kidonda hakijarudi. Nasema hivyo usije ukadhani simtunzi.

Jumapili nilimwekea mito miwili, nikaweka redio karibu. Wimbo wa harusi ulipoanza alifumba macho. Ulipiga vizuri, sina la kusema, nilisikia ule uzi na nikatamani kulia kwa wivu. Ulipofika mwisho akafumbua macho, akanishika mkono huu wa kulia kwa mkono wake mzima, akaanza kupapasa vidole vyangu kimoja kimoja. Akasema, "Mkono huu." Mtangazaji akaanza kutaja bendi.

Nikazima redio. Alipouliza, nikamwambia betri zimekwisha, nikazitoa na kuzitia mfukoni ili zionekane zimekwisha kweli.

Umechukua gitaa, umechukua kiti, umenivua nguo mbele ya bendi nzima. Mama ananiona mtu. Hilo hulichukui. Niandikie utakavyo, atakayemsomea barua ni mimi.


19 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwenye ngazi za posta, nimesimama, watu wakinipita. Nililia kidogo, nakuambia ili ufurahi mapema, maana muda wako wa kufurahi ni mfupi.

Mwezi wa pili ulitaka jekundu, nikakuambia sababu ninayo, na wewe hukuniuliza tena. Nikupe sasa. Gitaa la ubao mzima ukilichomoa kwenye umeme ni ubao. Lenye tumbo halihitaji waya wala spika ili lisikike chumbani. Ukilipakata kando ya kitanda linamfikia mgonjwa vizuri tu, na ukiimba kidogo juu yake hata aliye uani anasikia. Nililichagua kwa ajili ya chumba kile tangu siku ya kwanza. Redio ilikuwa ya watu wengine. Nilikujua, nikajua kwamba kitu chenye betri mkononi mwako si cha kutegemea.

Uzi wa nne nimefunga mpya. Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo kwa basi la asubuhi, gitaa nimelipakata, silitii buti.

Ukisikia lango, mgeuze Mama auelekee upande wa cherehani, hapo ndipo nitakapokaa. Mwekee mito miwili. Wewe vuta kile kiti kidogo, ukae mbele yake, karibu, uso kwa uso naye. Mikono yako iweke juu ya magoti, aione yote miwili.

Dada yako.